Mnyama Akiuma, Mwenyewe ni Nani?

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo ambalo vijijini kwetu huishia mara nyingi kwenye ugomvi wa majirani au kwenye kimya. Mnyama amemdhuru mtu. Nani analipa?

Ndani ya swali hilo mna swali jingine, nalo ndilo nitakalolishikilia mpaka mwisho: mnyama huyo ni wa nani? Angalieni tunavyoishi. Mbwa akimkamata mwizi usiku, asubuhi mwenyewe anatembea kifua mbele, anamwambia kila mtu: huyo ni mbwa wangu. Mbwa huyo huyo akimrarua mtoto wa jirani, ghafla hana mwenyewe. Ni mbwa wa barabarani tu, alikuwa anapita kutafuta mabaki. Serikali nayo haijambo kwa mchezo huo. Ukimwua tembo, tembo ni wa taifa, na utafungwa kwa ajili yake. Tembo akikuua wewe, tembo ni wa Mungu.

Nataka tulitazame swali hili tukiwa Rumangabo. Wengi wenu mnapajua: kando ya barabara ya taifa namba 2, katika grupma ya Kisigari, sheferi ya Bwisha, pale penye kambi ya jeshi na makao makuu ya Parki ya Virunga, parki iliyoundwa mwaka 1925, ya kwanza katika bara zima la Afrika. Pale pamekusanyika wanyama wa kila hali. Kuna mbwa wa wakulima, wanaolala mlangoni. Kuna mbwa wa kazi wa parki, waliofundishwa kufuata harufu ya majangili. Kuna gorila yatima wanaolelewa ndani ya uzio katika kituo cha Senkwekwe. Na ukiinua macho kuelekea mlima Mikeno, kuna wanyama wa porini wanaokwenda watakako. Wote wana meno. Lakini mbele ya sheria, meno yao hayana bei moja.

Tuanze na mbwa wa jirani, maana huyo ndiye anayetuuma zaidi.

Watu wengi hudhani kwamba habari ya mbwa ni jambo la ujirani tu, la kumalizwa kwa mbuzi na maneno mazuri. La hasha. Kongo ina sheria juu yake, tena ya zamani kuliko babu zetu. Ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ile inayoitwa Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai, na mpaka leo mahakimu wetu wanaitumia. Kifungu chake cha 261 kinasema, kwa maneno yangu mimi: mwenye mnyama, au yule anayemtumia kwa wakati ule, anawajibika kwa hasara ambayo mnyama ameleta, awe alikuwa chini ya ulinzi wake, awe alipotea, awe alitoroka.

Sikilizeni vizuri hapo mwisho. Awe alipotea, awe alitoroka. Ule utetezi tunaousikia kila siku, kwamba mbwa alikata kamba, kwamba mtoto wangu aliacha mlango wazi, kwamba mimi sikuwapo, nilikuwa sokoni Rubare, sheria iliufunga zaidi ya miaka 130 iliyopita. Aliyeumwa hahitaji kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alikuwa mzembe. Anahitaji kuonyesha mambo matatu tu: kwamba ameumia, kwamba aliyemuumiza ni mbwa huyu, na kwamba mbwa huyu ni wa fulani au anatumiwa na fulani.

Mwenye mbwa naye ana haki ya kujitetea. Kama aliyeumwa alimchokoza mnyama kwa makusudi, kama aliruka ukuta usiku wa manane, hakimu anaweza kupunguza fidia au kuikataa kabisa. Ni haki. Lakini kupita barabarani si uchokozi. Mtoto kukimbia si uchokozi. Na mtoto wa miaka minne aliyemshika mbwa mkia hawezi kuhukumiwa kama mtu mzima aliyemrushia mawe.

Fidia yenyewe inahesabu nini? Inahesabu dawa na sindano, nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi hospitali, siku ambazo mama hakwenda shambani au sokoni kwa sababu anamwuguza mtoto, nguo zilizoraruka, kovu la usoni litakalokaa maisha yote, na uchungu wa moyo, ambao sheria nao inautambua. Ikiwa mtu amekufa, inaingia matanga na inaingia hasara ya wale aliokuwa akiwalisha. Hakuna jedwali linalosema kidole ni dola ngapi na sikio ni dola ngapi. Hakimu anapima kwa busara yake. Ndiyo sababu karatasi ni muhimu, maana hakimu hupima kile kilichowekwa mezani pake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na maumivu pia.

Lakini kabla ya hakimu, kuna jambo la haraka zaidi, na hapa naomba hata wanaopika waweke mwiko chini kidogo.

Mbwa akikuuma, adui wa kwanza si mwenye mbwa. Ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, walio wengi Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Ugonjwa huu una ujanja wake: unakaa kimya mwilini, mara nyingi miezi miwili au mitatu, wakati kidonda kimeshafunga na watu wameshasahau. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, unazuilika. Tangu Julai 1885, siku Louis Pasteur alipomchanja kule Paris mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa, dunia inajua hilo.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Osheni kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Maji na sabuni ya kawaida, ile ya kufulia. Msiweke pilipili, msiweke mafuta ya gari, msiweke majani. Halafu nendeni kituo cha afya siku ile ile, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu, mkaulize chanjo. Chanjo si sindano moja, ni kadhaa, zinazotolewa kwa siku maalumu, na ukikatiza katikati umejidanganya mwenyewe. Jeraha likiwa kubwa au liko karibu na kichwa, mganga atataka kuongeza dawa nyingine ya kinga pale pale kwenye kidonda. Kituo cha karibu kikikosa chanjo, ombeni karatasi ya kupelekwa mbele, na mwende.

Na mbwa? Hapa tunakosea sana. Vijana wanachukua fimbo na mawe, wanamwua mbwa, na kila mtu anaona haki imetendeka. Hapana. Mkimwua mbwa mmeua shahidi. Kama anaweza kufungwa bila kuhatarisha mtu, afungwe, apewe maji, na atazamwe siku 10, ikiwezekana mbele ya veterineri. Akibaki mzima siku 10, basi siku alipouma hakuwa na kichaa, na mganga anaweza kuamua kuisimamisha chanjo. Akifa au akibadilika tabia, mganga ajulishwe upesi. Nanyi msisubiri siku hizo 10 ndipo mwende hospitali. Chanjo inaanza kwanza, kumtazama mbwa kunaendelea pembeni.

Sasa turudi kwenye haki. Umeosha, umechanjwa. Ufanye nini?

Anza kwa nyumbakumi au shefu wa lokalite, siku ile ile. Mwambie mbele ya watu: mbwa wa fulani amemwuma mtoto wangu, hapa na hapa, saa fulani. Unafanya hivyo kwa sababu leo kila mtu anajua mbwa ni wa nani, na baada ya wiki mbili hakuna atakayejua. Chukua majina ya walioona. Piga picha ya jeraha kabla halijafunikwa, na ya mbwa ukiweza. Omba hospitalini cheti cha daktari kinachoeleza jeraha. Tunza kila risiti, hata ya bomba la sindano. Mwenye pikipiki hatoi risiti, basi mwambie aandike kwa mkono na aweke sahihi.

Wengi watapenda kumaliza nyumbani, na mimi siwakatazi. Mapatano ni njia nzuri kama yanalipa hasara yenyewe. Kosa letu ni kupokea mbuzi siku ya pili na kusema yamekwisha, wakati sindano tatu bado hazijachomwa na hakuna anayejua kama kidole kitakunjika tena. Mkipatana, andikeni. Wekeni kwamba mwenye mbwa atalipa matibabu yote mpaka mganga atakaposema basi, pamoja na nauli, na kiasi fulani kwa ajili ya maumivu na kazi iliyopotea. Kama hana fedha kwa mkupuo, alipe kidogo kidogo, tarehe ziandikwe. Shefu aweke muhuri, mashahidi wa pande zote waweke sahihi, na kila upande ubaki na nakala. Baba mwenye mbwa, wewe pia karatasi hiyo inakulinda, maana kesho jirani hawezi kurudi na madai mapya nje ya mlichokubaliana.

Ikishindikana, kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya jinai. Sheria ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 52 hadi 54, inamwadhibu mtu aliyesababisha jeraha au kifo bila kukusudia, kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari. Anayefuga mbwa anayejulikana kwa ukali na kumwachia huru, anaingia hapo. Unapeleka malalamiko kwa OPJ, yaani afisa wa upelelezi wa polisi, au kwa mwendesha mashtaka, na mbele ya tribinali unajiunga kama mdai wa fidia. Lakini angalieni saa: kwa jeraha tu, bila kifo, mashtaka hayo yanakufa baada ya mwaka mmoja. Njia ya pili ni ya madai peke yake, kumdai mwenye mbwa fidia kwa kile kifungu cha 261, bila kumtafutia kifungo. Mlango huo unakaa wazi muda mrefu zaidi, miaka 30. Asiye na uwezo anaweza kuomba hati ya umaskini ili aondolewe gharama za tribinali, na mawakili wa Goma, kama wenzao kwingineko nchini, wana desturi ya ofisi ya ushauri wa bure.

Najua mnachotaka kuniuliza. Tribinali gani? Waasi wa M23 waliichukua Rumangabo mwishoni mwa 2022, wakaingia Goma Januari 2025, na mahakama za serikali zikasimama. Aliyeumwa na mbwa leo atampeleka nani wapi?

Jibu langu ni lile lile la karatasi. Vita vimefunga mlango wa tribinali, havijafuta deni. Nimesema miaka 30, na miaka 30 ni mirefu kuliko utawala wa kikundi chochote kilichowahi kupita katika barabara yetu hii. Mtu mwenye cheti cha daktari, risiti, majina ya mashahidi na karatasi ya shefu, ana kesi iliyolala, na kesi iliyolala huamka. Asiye na karatasi hana kesi hata kama mahakama ziko wazi mbele ya nyumba yake. Na tusisahau kwamba vita vyenyewe vinazalisha mbwa wasio na wenyewe. Watu wanakimbia na watoto mgongoni na godoro kichwani, mbwa anabaki. Wanaporudi, wanakuta mbwa wamekuwa kundi, hawamjui mtu. Hapo kumtafuta mwenyewe ni kazi ngumu, na kinga inayobaki ni chanjo ya mbwa wenyewe na ya aliyeumwa.

Tuondoke kwa mbwa wa jirani, tupige hatua moja. Mbwa wa kampuni ya ulinzi anayezungushwa usiku katika mitaa ya Goma, akimwuma mpita njia, ni wa nani? Mlinzi aliyeshika kamba atasema yeye ni mfanyakazi tu. Ni kweli, na sheria imeliona hilo. Ndiyo maana inasema mwenye mnyama au anayemtumia. Anayenufaika na pua na meno ya mbwa ni kampuni, basi kampuni ndiyo ya kuulizwa. Ni hivyo hivyo kwa taasisi yoyote yenye mbwa wa kazi, iwe ya parki, ya polisi au ya jeshi. Sare haimwondolei mbwa mwenyewe. Na gorila yatima aliye ndani ya uzio, analishwa na mtu, analindwa na mtu, mlango wake una ufunguo. Kwa maoni yangu, huyo naye ana mlinzi wa kuulizwa kama angemjeruhi mgeni au jirani, ingawa amezaliwa porini. Anayeshika ufunguo anashika na deni.

Sasa tupande juu zaidi, kule ambako hakuna ufunguo.

Kiboko akipindua mtumbwi wa mvuvi wa Vitshumbi au Nyakakoma katika Ziwa Edward. Tembo akiingia shambani usiku, mwenye shamba akatoka na sufuria kumpigia kelele, akakanyagwa. Mbogo akimkuta mama anayechanja kuni. Hapa kifungu cha 261 kinatuacha, kwa sababu mnyama wa porini aliye huru hana mwenyewe wala anayemtumia kwa maana ya sheria ile ya 1888. Mjane atabaki na kifungu cha 258, kile cha jumla, kinachosema mtu aliyeleta hasara kwa kosa lake ailipe. Lakini sasa lazima aonyeshe kosa. Kosa la nani? La kiboko? Avoka hodari anaweza kujaribu: uzio ulikuwa umekatika, wananchi walitoa taarifa kwa maandishi, hakuna aliyekuja kuutengeneza. Inawezekana. Lakini mpeni mjane wa mvuvi kazi hiyo, mbele ya taasisi ya serikali, katika nchi yenye vita, halafu mniambie kama hiyo ni haki au ni mzaha.

Je, ni lazima iwe hivyo? Twendeni Sabyinyo, mlima ule ambao Kongo, Rwanda na Uganda zinakutana kileleni. Mbogo wa Sabyinyo hana pasipoti. Leo usiku akiteremka upande wa Rwanda, akala viazi vya mkulima wa Kinigi au kumjeruhi, mkulima huyo ana sheria ya mwaka 2011 juu ya fidia ya hasara za wanyama, na ana mfuko maalumu wa dhamana wa kupeleka madai yake, mfuko ule ule unaowalipa waliogongwa na magari yasiyo na bima. Mbogo huyo akiteremka upande wa Uganda, kuelekea Kisoro, atakuta sheria ya wanyamapori ya 2019, iliyounda mpango wa fidia na kuutengea asilimia 2 ya mapato ya mamlaka ya wanyamapori ya nchi ile. Na akiteremka upande wetu, kuelekea Jomba? Atakuta sheria ya 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile, inayomlinda yeye vizuri sana. Mwenye shamba wa Jomba hatakuta mfuko wala jedwali.

Mbogo mmoja, pembe zile zile, usiku ule ule. Tofauti ni upande gani wa mlima mama yako alikuzalia.

Mbali kidogo, Kenya kwa sheria yake ya 2013 iliandika shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Tanzania nayo iliweka kanuni mwaka 2011, na watu wa kule wanazijua kwa majina ya kifuta machozi, kwa aliyeuawa au kujeruhiwa, na kifuta jasho, kwa mazao na mifugo. Kifo kwa kanuni zile kilipangiwa shilingi milioni 1, nazo hazidai kwamba hiyo ndiyo thamani ya mtu.

Sitawadanganya kwamba kwa majirani ni peponi. Kenya imerundika madeni ya waathiriwa kwa miaka, watu wanasubiri mpaka watoto waliobaki wanakuwa wakubwa. Fomu ni nyingi, ofisi ziko mbali, na mkulima wa Tanzania atakwambia kwamba jasho lake lilikuwa zaidi ya kile kilicholifuta. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo sisi hatuna. Kule, serikali imekubali kwa maandishi kwamba mnyama ni wake hata siku ya msiba. Kudai deni linalocheleweshwa na kuomba sadaka si hali moja.

Kuna wanaonijibu: parki haina fedha, parki imeweka uzio wa umeme, parki imeleta stima kwa mitambo ya maji kama ule wa Matebe, na walinzi wake zaidi ya 200 wameuawa katika miaka hii ya vita. Yote ni kweli, na sipendi mtu anayezungumza Virunga bila kuwataja walinzi hao, ambao wengi ni watoto wa vijiji hivi hivi. Uzio mzuri unafaa kuliko fidia, kwa sababu aliye hai ni bora kuliko mjane aliyelipwa. Lakini stima ya Matebe haimlipii karo yatima wa Nyakakoma. Uzio ni kinga, fidia ni deni, na kinga haifuti deni la siku iliposhindwa. Wengine wanasema fidia italeta udanganyifu, watu watadai tembo alikula shamba ambalo halikulimwa. Udanganyifu utakuwapo, kama ulivyopo kwa kila fedha. Unazuiwa na mashahidi, na mtu wa kupima hasara anayefika haraka, na shefu anayejua shamba la nani liko wapi. Hatujafunga bima za magari kwa sababu kuna madereva waongo.

Nami naona hatari kubwa zaidi katika kutolipa. Kijana aliyemzika baba yake bila hata barua ya pole, siku jangili atakapomwuliza tembo wamepita wapi, atanyamaza? Parki ya Virunga ilikuwa na viboko kwa maelfu, karibu 29,000 katika miaka ya 1970, na baada ya vita wakabaki mamia. Waliwindwa na wenye silaha kwa ajili ya nyama na meno, si na wajane. Lakini mnyama ambaye jirani yake anamwona kuwa adui asiye na mwenyewe, hana mtu wa kumtetea kijijini. Fidia, hata ndogo, hata ya kuchelewa, inamfanya mwanakijiji kuwa mshirika mwenye madai, na mshirika mwenye madai ana sababu ya kutoa taarifa badala ya kutega waya.

Basi tunachopaswa kudai ni nini? Kwanza, sheria ya bunge la taifa, inayosema wazi kwamba mnyama anayelindwa na serikali akiua au akijeruhi mtu nje ya parki, kuna mfuko wa kulipa, na aliyeumia hahitaji kuthibitisha kosa la yeyote. Pili, mfuko huo upate sehemu ya kudumu ya mapato ya uhifadhi, kama Uganda ilivyofanya, iandikwe asilimia yake, isiachwe kwa huruma ya mkubwa wa siku hiyo. Tatu, chanjo ya kichaa cha mbwa ifike katika vituo vya vijijini, kwa aliyeumwa na kwa mbwa, kwa sababu haki inayomkuta mtu kaburini haina mpokeaji.

Wakati tunasubiri hayo, yapo yaliyo mikononi mwetu. Ukifuga mbwa, mchanje, mfunge mchana, na akiuma, nenda wewe wa kwanza kwa jirani yako kabla hajaitwa shefu. Ukiumwa, maji na sabuni dakika 15, hospitali siku ile ile, na karatasi zote mahali pakavu. Na kwa kifo au jeraha la mnyama wa porini, msinyamaze kwa kusema ni bahati mbaya. Peleka taarifa kwa shefu na kwa ofisi ya parki kwa maandishi, wapokee kwa sahihi, ubaki na nakala. Hata kama leo hakuna mfuko, siku utakapoundwa hautaanza na waliolalamika kwa mdomo. Utaanza na walioandika.

Nimewaambia tangu mwanzo kwamba swali ni moja. Anayesema mnyama ni wangu siku ya faida, aseme hivyo hivyo siku ya hasara. Neno hilo likimfaa jirani mwenye mbwa mmoja, liifae pia serikali yenye tembo.